Sushi Ihesabiwe Nyama Siku za Ijumaa

Parokia ya Mtakatifu Kinga,
Cleveland, Ohio.
Jumanne, juma la nne la Kwaresima.

Mhashamu Baba Askofu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwanza nakujulia hali. Goti linaendeleaje? Tulisikia uliteleza kwenye barafu siku ya Jumatano ya Majivu, na sisi kina mama wa jikoni tukasali rozari nzima kwa ajili ya goti la kulia. Kama lililoumia ni la kushoto, naamini Mungu alielewa tulichokusudia. Huku kwetu hatujambo. Theluji imeanza kugeuka tope, bomba la ukumbini limepasuka tena, na mgongo wangu unanitajia umri wangu kila ninapoinua ndoo ya rojo la unga la kuchovyea samaki. Mengine yote tunashukuru.

Baba, mimi si msomi. Shule niliiacha mwaka mmoja kabla ya kumaliza nikaenda kufua mashuka hospitalini, kwa hiyo ukikuta neno limekaa upande, lisamehe. Ulipotutembelea miaka mitatu iliyopita ukala samaki wetu kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, mimi ndiye yule mwanamke mwenye aproni ya buluu aliyekuongezea kipande cha tatu bila wewe kuomba. Hukukirudisha. Tangu siku hiyo nimekuona kuwa mtu ninayeweza kumwandikia.

Naomba jambo moja tu. Naomba utoe waraka, usomwe makanisa yote ya jimbo, utangaze kwamba sushi, vile vitonge vya wali vya Kijapani vyenye samaki mbichi juu, ni nyama siku za Ijumaa za Kwaresima, ambazo Kanisa linatukataza nyama. Siku nyingine iendelee kuwa samaki, sina ugomvi nayo.

Sitakuficha kilichonisukuma, maana kumficha askofu ni kama kumficha daktari. Mume wangu, Norbert, amekaanga samaki wa Ijumaa katika parokia hii kwa miaka ishirini na minne. Yeye kwenye karai la mafuta, mimi kwenye rojo la unga, mkono wangu unamfikia bila kupiga hatua. Nyumbani Norbert si mtu wa maneno. Asubuhi husema "theluji", jioni husema "taa", na katikati hapo ni kazi ya kukisia. Lakini Ijumaa, mafuta yakianza kupiga kelele, naye hulazimika kupaza sauti, na akishapaza sauti huzungumza. Habari za gereji ya mabasi alikofanya kazi, za marehemu mama yake, za mambo anayoyaogopa, yote nimeyajua pale, nikiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Ndoa yangu, Baba, kwa sehemu kubwa imefanyika Ijumaa sita kwa mwaka.

Mwezi wa kumi moyo wake ulimsumbua. Daktari akamtia kijibomba kidogo kwenye mshipa akamwambia asikaribie tena mafuta wala moshi. Nilimshukuru Mungu kwa magoti yote mawili. Nilidhani Kwaresima ikifika Norbert ataketi mlangoni kuchana tiketi, nami nitamwona kila nikiinua kichwa. Badala yake, Ijumaa ya kwanza alivaa koti, akavuka barabara, akaketi kwenye kaunta ya sushi ya Bwana Ambrosi Hwang. Na ya pili, na ya tatu, na ya nne. Namtaka arudi kabla ya Jumapili ya Matawi. Hilo ndilo lililo moyoni mwangu, na malalamiko yafuatayo yote yanatoka hapo, ingawa kila moja lina haki yake.

1. Sushi si kitubio. Sisi tunampa mtu samaki wa kukaanga, chipsi, kachumbari ya kabichi na pierogi mbili za viazi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi, kwenye sahani ya karatasi inayokunja shingo ukiinyanyua upande mmoja. Anakula kwenye meza ya kukunja, chini ya taa inayotetemeka, karibu na watoto wa watu. Anainuka amejinyima, na nguo zake zinanuka kujinyima hadi Jumanne. Kwa Bwana Hwang mtu anafutwa mikono kwa taulo la moto kama mtoto mchanga. Anawekewa samaki aliyekatwa vizuri mpaka unasikitika kumvuruga. Wifi yangu Bernice, dada yake Norbert, anayetengeneza hiyo kachumbari, alikwenda mara moja kupeleleza. Nilimtuma mimi. Alirudi baada ya saa mbili, macho yameregea. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Wifi, nimetubu sana, naomba nikatubu tena wiki ijayo."

2. Bwana Hwang mwenyewe. Hapa naomba unielewe vizuri, kwa sababu laiti angekuwa mtu mbaya nisingehitaji askofu, ningemalizana naye mwenyewe. Ni Mkatoliki kutoka Korea. Yeye na mkewe Agatha huwa kwenye misa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi kila siku, benchi la tatu, na sauti yake ya bezi ndiyo inayoishikilia kwaya yetu isianguke. Ananoa visu baada ya misa, kabla hajaongea na mtu. Mimi mtu wa namna hiyo nimshitaki kwa lipi? Februari alinisimamisha kwenye ngazi za kanisa akaniambia, "Dada Lorraine, njoo Ijumaa, nitakukalisha mbele yangu hasa." Nikamwambia Ijumaa nina samaki wangu. Akacheka. "Na mimi nina wangu. Tofauti ni kwamba wako huwa wamekufa mara mbili." Nilicheka, Baba, nimekwisha kuliungama hilo. Lakini mtu aliyesimama miaka ishirini na minne kwenye rojo hawezi kuambiwa hivyo akaenda nyumbani akalala.

Tena kuna suala la sala. Kwake vipande vinakuja kimoja kimoja, na yeye hataki kipande kisubiri, eti wali unapoteza joto la mkono. Norbert alipotaka kufanya ishara ya msalaba kabla ya kipande cha pili, Bwana Hwang alimwambia, "Kula kwanza, mzee. Mungu husikia hata mdomo ukiwa umejaa." Je, hilo ni fundisho rasmi? Nauliza tu.

3. Kula mpaka ushindwe. Kwenye meza za nyuma, mbali na kaunta, Bwana Hwang ana utaratibu wa kulipa mara moja ukala mpaka ushindwe, mradi uwe umeketi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Baba, siku ya kufunga. Matokeo yake Njia ya Msalaba yetu imeharibika. Kuanzia kituo cha nane watu wanatazama saa. Kituo cha kumi na mbili, Bwana wetu anakata roho, na benchi zima la wanaume tayari wameshavaa kofia. Sheria ya meza hizo ni kwamba wali ukiubakiza unatozwa, kila kipande. Basi watu wanakula samaki wa juu, na wali wanauficha. Leonard Pruski, mwenzetu wa sosi nyeupe, ambaye naye ametukimbia, aliuficha kwenye leso, akaisahau leso mfukoni mwa koti la kanisani. Jumapili wakati wa kupeana amani akaitoa apenge kamasi. Wali ukamwagika mpaka kwenye kijia cha katikati. Padre Eugene, paroko wetu, ambaye haoni vizuri bila miwani, akadhani ni mchele wanaorushiwa maarusi, na wakati wa matangazo akauliza ni arusi ya nani na mbona hakuarifiwa.

4. Uongo wa kaa. Wanacho kitu wanakiita kaa, cheupe, kimepakwa wekundu upande mmoja. Si kaa. Ni samaki aliyepondwapondwa akafinyangwa akapakwa rangi aitwe kaa. Nimethibitisha kwa Agatha mwenyewe, alinijibu bila kona, "Dada, kila mtu anajua." Sikujua mimi. Lishike neno hili, Baba, nitalirudia mbele: samaki amegeuzwa kitu kingine kwa kisu na rangi, bila kibali cha askofu yeyote.

Na kuna ule wali wa kukunja kwa mwani wenye jibini laini ndani yake. Jibini na samaki mbichi. Bwana Hwang anasema kwao Korea mtu angelia. Lakini huku ndio unaopendwa kupita yote, na Norbert huanza na huo.

5. Hili lilimhusu wifi yangu na kabichi. Nimelifuta, kwa sababu ni Kwaresima.

6. Koti. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Ijumaa ya pili nilitoka kuchukua kabichi kwenye gari, nikaona kupitia dirisha la Bwana Hwang. Norbert ameketi mwisho kabisa wa kaunta. Watu wamepanga foleni mpaka nje, theluji mabegani. Na kiti cha pembeni yake kitupu, Norbert amelilaza koti lake juu yake. Mwanamke mmoja alikiulizia kwa kidole, Norbert akatikisa kichwa. Mume wangu, Baba, ambaye kwenye basi husimama hata kumpisha kijana. Mbele ya kiti hicho pameandaliwa kila kitu: sahani, kikombe cha chai, na vijiti vya kulia. Tena vijiti vyenyewe ni vile vilivyofungwa mpira juu na karatasi iliyokunjwa katikati, vinavyofunguka kama mdomo wa ndege, wanavyopewa watoto na watu wasiojua. Norbert havihitaji. Mikono iliyoshika spana miaka thelathini ilivijua vijiti kwa siku moja. Basi ni vya nani?

Ijumaa ya tatu nilipita tena. Koti, kikombe, mpira. Ijumaa ya nne, vilevile.

Nilimuuliza Bernice. Akasema, "Wifi, kaka yangu hajakuacha, amevuka barabara tu." Nikamjibu barabara yenyewe ina njia nne. Akasema, "Basi muulize mwenyewe." Nilimuuliza Norbert Jumamosi asubuhi wakati wa kahawa kama lile koti lake linapenda kukaa. Akatazama dirishani. "Theluji," akasema.

Nimetafakari sana na nimefikia hitimisho lifuatalo. Kiti kile ni mtego. Ni cha mtu mgeni, asiyejua vijiti, anayetarajiwa kuvuka. Haiwezekani kuwa Leonard, yeye yuko meza za nyuma na leso yake. Wanaume waliobaki jikoni ni wawili, mmoja ana mzio wa samaki, sijui kwa nini tulimkubali, na wa pili ni paroko wetu. Kwa hiyo anayengojewa ni Padre Eugene. Na paroko akishavuka, Baba, nani atasema hapana? Nani atabaki? Na baada ya paroko nani anafuata kwa cheo, sitamtaja, ila namwomba Ijumaa awe mwangalifu na goti lake asije akapumzikia kiti chochote chenye koti.

7. Ijumaa Kuu. Sheria ya Kanisa inasema siku hiyo mtu ale mlo mmoja kamili, na vijimlo viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii mlo. Samaki wetu ni rahisi, sahani moja ni mlo, umemaliza. Lakini kipande cha sushi ni tonge. Leonard anafundisha watu kwamba tonge si mlo, wala si kijimlo, kwa hiyo halihesabiki, na kitu kisichohesabika hakifungui mfungo hata ukila arobaini. Nilimwambia, "Leonard, na mvua je, si ni tone?" Akasema, "Mama Majewski, mimi sikuongelea mvua." Unaona kiwango cha watu nilio nao.

Sasa, utasema, Lorraine, askofu atafanyaje samaki awe nyama? Nasikia kuna majimbo kule kusini ambako mamba anahesabiwa samaki siku za Ijumaa, na kuna sehemu za jirani zetu wa kaskazini ambako panya wa majini naye huliwa, manyoya yake na yote, kwa sababu tu anajua kuogelea. Hao wana miguu minne. Kama mnyama wa miguu minne ameweza kufanywa samaki kwa ajili ya matumbo ya watu, samaki anashindwaje kufanywa nyama kwa ajili ya roho zao? Na kama Agatha na kisu chake wameweza kumfanya kaa, wewe na pete yako mnashindwa nini?

Nimefikiria pia utekelezaji, nisije nikakuachia mzigo. Walutheri waendelee kula, hawako chini yako. Mkatoliki aliyekula ataje idadi ya vipande kwenye kitubio, na padre amhesabie chipsi za kula ukumbini kama malipizi. Bwana Hwang asipate hasara: nitamwachia karai la Norbert, ambalo sikumwachia mtu yeyote, hata kaka yangu alipoliomba. Norbert naye arudishwe ukumbini kwa barua yako, siyo kukaanga, aketi tu. Nitamletea kiti chenye mgongo. Si lazima aseme lolote. Nimezoea. Ila kelele za mafuta zikianza huenda akajisahau.

Hayo ndiyo yangu. Nisalimie sista wa ofisini kwako mwenye sauti ya upole kwenye simu, mpishi wako, dereva wako aliyekula vipande vinne siku ile akadhani hakuna aliyeona, na mapadre wote wa kanisa kuu. Bernice anakusalimu, nimemruhusu. Padre Eugene angekusalimu pia ila hajui kwamba naandika.

Nabusu pete yako kwa heshima,

Lorraine Majewski,
wa rojo, Parokia ya Mtakatifu Kinga.

N.B. Baba, naandika kipande hiki Jumatano asubuhi, bahasha bado iko wazi. Norbert ndiye huniandikia anwani, maana mwandiko wangu posta wanaurudisha. Jana jioni nilimpa barua aandike juu tu. Akaisoma yote, amesimama karibu na jokofu, miwani usoni. Alisoma taratibu. Kwenye la tatu alicheka kwa pua. Kwenye la sita akaiweka mezani, akaenda kwenye msumari linapotundikwa koti lake, akatia mkono mfuko wa ndani, akatoa vijiti. Jozi nne, kila jozi imefungwa mpira, kila jozi haijaguswa. Akazipanga mezani moja moja kama mtu anayetoa karata.

Nikamuuliza ni vya nani.

Akasema, "Hujui kutumia vijiti."

Nikasema najua kwamba sijui.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Kila Ijumaa nakuwekea. Hwang anaandaa, ukumbi wenu ukifungwa navichukua visitupwe." Nikamuuliza mbona hakusema. Akafikiri mpaka nikadhani atasema "taa". Halafu akasema, "Ningekuambia nini, Lori, nawe una rojo mpaka viwikoni. Nilifikiri utachungulia dirishani, uone kiti." Nikamwambia nilichungulia mara tatu. Akasema, "Na?" Baba, ilibidi nimwoneshe sehemu ya Padre Eugene. Alicheka mpaka nikahofia kile kijibomba cha daktari. Kisha akazungumza hadi saa nne usiku, jikoni kwetu, bila mafuta, bila kelele yoyote. Yale aliyosema hayahusiani na barua hii.

Kwa hiyo naomba sushi iendelee kuwa samaki. Kama umeshatia sahihi kabla ya kufika huku chini, naomba kibali cha watu wawili, kaunta, mwisho kabisa, kwa Ijumaa zote zilizobaki. La sita lifute kabisa. La tatu liache, Leonard anastahili. Bernice amekubali kushika rojo langu kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja. Litakuwa jepesi, lakini watu waje kujinyima.

Leo asubuhi nimejaribu vijiti kwa pierogi. Moja iko chini ya jokofu.

Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Ijumaa.